Mguu wa Nne

Kwanza usiiangalie. Isikilize.
Ipakate kwenye ncha ya kidole, igonge kwa nyingine:
fedha, hata iliyochanganywa, hulia ikakawia kunyamaza;
risasi hujibu mara moja, kama mlango wa choo.
Kisha mizani. Kisha sumaku,
isiyo na adabu wala haya: chuma ni chuma
hata kikivishwa kanzu ya harusi.
Kisha ukingo, kwa ukucha,
ukitafuta mshono pale nusu mbili zilipooana.
Iliyopakwa hujisaliti penye mwinuko,
paja la simba, kilele cha mlima:
vidole vya sokoni vimepita na kupita,
ngozi imebanduka, na wekundu wa shaba unachungulia
kama goti la mtoto kwenye suruali ya Pasaka.

Haya nayajua. Ndiyo kazi yangu hapa Mbale,
barabara ya Naboa, kibanda futi sita kwa nne,
saa za watu ukutani, kila moja na ukweli wake.

Jumanne Bi Nabifo akashuka kutoka Sironko.
Akafungua fundo la leso: harufu ya vitunguu,
karatasi ya hospitali, na shilingi
ya mfalme mwenye ndevu.
"Elfu moja mia tisa ishirini na moja,"
akautaja mwaka kama anavyotajwa kifungua mimba.
"Niliambiwa wazungu wanautafuta huu.
Nilitoa magunia mawili ya vitunguu.
Miaka thelathini na mmoja nimeilaza chini ya mto.
Sasa goti linataka kupasuliwa."

Ikalia, vizuri. Uzito, sawa.
Sumaku ikaipuuza.
Nikaanza kufurahi, jambo ambalo fundi hapaswi.

Nikavaa lenzi.

Ile moja ya mwisho ilisimama wima mno,
mbali kidogo na wenzake, kama mtu aliyehamia usiku.
Kushoto kwake uwanja umelala,
umesuguliwa, nyasi alikolala mbwa,
na chini ya mng'ao, kovu la mstari.
Ilikuwa nne.
Mtu aliikata mguu
akaiacha isimame na mkongojo wake.

Mikwaruzo myembamba, kumi na miwili nilihesabu,
yote imeinamia upande usio wa kawaida,
upande wa mtu anayeshika kalamu kwa kushoto,
na mwisho wa kila mmoja nukta,
pale patasi ilipoinuliwa na ncha iliyomeguka.
Patasi hiyo naijua.
Imo drooni, hapa chini, imeviringwa gazeti
pamoja na miwani yake.

Baba ndiye aliyenifundisha sauti, sumaku, mshono.
Alinizaba kofi siku nilipopokea noti mbovu ya mia tano.
"Jicho lako ndilo duka," alisema.
Na muhula wa tatu, mwaka ule,
ada yangu ililipwa kwa siku moja, taslimu,
na nyumbani tulikula vitunguu hadi Krismasi,
vya kukaanga, vibichi na chumvi, vitunguu kwenye uji karibu,
wala hakuna aliyeuliza.

"Basi?" akasema Bi Nabifo.

Ningeweza kumwambia ni halali.
Fedha ni ile ile, mfalme ni yule yule,
simba hajaguswa.

"Mwaka umechezewa, mama. Hii ni ya ishirini na nne.
Za ishirini na nne ni nyingi."

Hakulia. Alinyoosha mguu mbovu, akaukunja.
Akauliza tu:
"Aliyeichezea, alikuwa na watoto?"

Nikairudisha lenzi jichoni,
nikaitazama meza, mahali pasipo na kitu.

Halafu nikavuta droo, ile ya pesa,
nikamhesabia magunia mawili
kwa bei ya sokoni ya leo asubuhi.
Hakuuliza kwa nini.
Alizihesabu tena mwenyewe, polepole,
na kila noti, moja baada ya moja,
akaiinua kwenye mwanga.